Msiifute Namba 714

Grâce, Trésor, na ninyi wengine mlioingizwa kwenye lile kundi la WhatsApp ili mnicheke vizuri zaidi, sauti zenu nimezipata. Nilizisikiliza nikiwa nimekaa uani kwangu hapa mtaani Shituru, nachambua matembele, na nilicheka mpaka jirani akauliza kuna nini. Nikamwambia watoto wamefungua sanduku langu la zamani wakakuta nguo za ndani zenye viraka. Hakuelewa, na sikumweleza.

Kwa wale wasiojua mambo yalivyo, mimi ni Félicité, mstaafu. Kwa zaidi ya miaka thelathini niliandika programu katika biro ya mashini, yaani ofisi ya kompyuta, ya kampuni moja ya shaba hapa mjini Likasi. Grâce ni mtoto wa mdogo wangu, ananiita mama mukubwa. Yeye na mwenzake Trésor wamepewa kazi ya kuhamisha rejista ya wafanyakazi kutoka programu ya zamani kwenda mpya. Ile ya zamani ni yangu na ya watu walionitangulia, na kila siku hao wawili hawakosi kukuta humo kitu cha kuwavunja mbavu.

"Mama mukubwa," Grâce alisema kwenye sauti ya kwanza, "weye njo uliandikaka plus zéro? Unakamata namba, unaongeza zéro, unairudisha palepale! Shiye huku tunakufa na kicheko."

Na Trésor nyuma yake: "Mama Félicité, na ile yenye kuandika kintu kimoja mara tatu? Mara tatu, mama! Mashini iko kiziwi?"

Halafu ikaja sauti ya mwisho, ambayo haikunichekesha. "Mama mukubwa, kuko condition moja hapa, inauliza kama matricule ni 714. Kama ni 714, haifanye kintu, inapita tu. Tuliangalia, haina kazi hata kidogo. Trésor anasema tuifute lundi. Tuifute?"

Subirini kwanza. Leo ni alhamisi, lundi, yaani jumatatu, bado. Nitawajibu, lakini kwa njia yangu, na njia yangu mnajua ni ndefu.

Nianze na sifuri yenu. Zamani habari ziliingia kwenye mashini kwa kadi za karatasi ngumu zenye matundu. Msichana wa kutoboa akisahau namba, pale palibaki pengo tupu, na mashini yetu ikikuta pengo mahali pa namba ilisimama kama punda aliyekataa daraja. Ukiongeza sifuri, pengo linageuka sifuri na kazi inaendelea. Kadi zilikufa, mimi mwenyewe nilizitupa, lakini sifuri niliiacha. Niliiogopa. Mkifika umri wangu mtakuwa na sifuri zenu.

Na kuandika mara tatu, je? Trésor, wewe umezaliwa juzi, una betri kwenye kompyuta yako. Sisi umeme ulikatika wakati mashini iko katikati ya neno. Ukirudi, nusu ya wafanyakazi wa kiwanda hawana majina. Ndiyo maana tuliandika hapa, tukaandika pale, tukaandika na pale pengine, halafu tukaangalia ipi imepona. Kuna hata mstari ambao hamjauona bado, unaochapa karatasi tupu kabla ya orodha yoyote. Mashini ya kuchapa ilikuwa na tabia ya kula karatasi ya kwanza, nasi tukaizoea, tukawa tunailisha. Ile mashini ilikwenda kwa vyuma chakavu zamani sana. Mstari uko, bado unailisha.

Hayo yote futeni. Sina wivu nayo.

Lakini ili mjue habari ya 714, lazima mumjue papa Mukendi.

Niliingia kwenye biro nikiwa na miaka kumi na tisa, msichana wa kutoboa kadi. Tulikuwa wasichana sita kwenye chumba kimoja, na makelele yalikuwa ya kutosha kumfukuza shetani. Siku yangu ya nne nilitumwa kupandisha sanduku la kadi kwenye ngazi, kwenye chumba cha mashini. Kadi elfu mbili, kila moja na zamu yake. Nilivaa viatu vya kisigino, viatu vya dada yangu, kwa sababu nilitaka kuonekana mtu wa biro. Kwenye ngazi ya mwisho kisigino kimoja kikavunjika, na zile kadi zikashuka ngazi zote mpaka mlangoni. Nilikaa chini nikalia. Nilijua nimefukuzwa.

Mwanaume mmoja mwembamba mwenye miwani akatoka chumba cha mashini. Hakunigombeza. Aliokota kadi kumi hivi, akazipanga mkononi, akanionyesha ubavu wao. "Angalia, mwana wanyi," akasema. Hilo ni neno la kwao, maana yake mwanangu. "Unaona ile trait ya crayon?" Nikaona. Kabla kadi hazijatoka mkononi mwake, alikuwa anazibana pamoja na kuchora mstari mmoja wa mshazari kwa penseli juu ya ubavu wa fungu lote. Kadi zikimwagika, unafuata mstari: kila kadi ina nukta yake, unazipanga mpaka mstari unyooke tena. Tulikaa kwenye ngazi mpaka saa ya mapumziko, tukipanga. Alipiga mluzi muda wote, wimbo wa kanisani, na kila mara aliukosea mahali pamoja.

Huyo ndiye papa Mukendi. Ni yeye aliyenitoa kwenye chumba cha kutoboa akanifundisha kuandika programu, wakati wanaume wa biro walisema mwanamke akiandika programu mashini itashika mimba. Aliwajibu, "Basi tutapata mashini mbili," akaendelea kunifundisha.

Kosa langu kubwa nililifanya juu ya kazi yake, na hilo mlisikilize vizuri kwa sababu ni ndugu wa kosa mnalotaka kulifanya lundi.

Kampuni iliwapa wafanyakazi unga wa mahindi kulingana na idadi ya watoto. Kulikuwa na programu ya kuondoa watoto walioandikwa mara mbili. Papa Mukendi aliiandika hivi: namba ya baba ikiwa ileile, tarehe ya kuzaliwa ikiwa ileile, basi linganisha majina pia. Mimi nilikuwa nimejifunza mwaka mzima na kichwa kimenivimba. Nikaona kulinganisha majina ni kazi ya bure. Baba mmoja, siku moja ya kuzaliwa, unataka nini tena? Ni mtoto yuleyule. Nikafuta mistari kumi na minane na nikajisifu mbele ya wasichana wa kadi.

Mwisho wa mwezi mapasa, yaani mapacha, wote wa Likasi wakabaki mmoja mmoja.

Mnajua mama wa mapasa hapa kwetu si mtu wa kuchezea. Ana ruhusa ya kuimba maneno ambayo mtu mwingine akiyasema anapigwa. Walikuja mama kama kumi na tano, kutoka Shituru, hata kutoka Kamatanda, saa tatu asubuhi, na majani wamejifunga kichwani, na ngoma, na bakuli la pemba nyeupe, ule udongo wa kujipaka. Waliimba chini ya dirisha letu. Sitaandika waliimba nini, lakini yalihusu mwili wa mtu aliyeandika hiyo programu, na walidhani ni mwanaume.

"Nilizaa babili!" mmoja alipiga kelele. "Babili! Mashini inaniambia mumoja! Atoke mwenye alikula mutoto yangu!"

Mimi nilijificha nyuma ya kabati. Aliyetoka ni chef Mwansa, mkubwa wa biro yetu, mtu mnene wa maneno machache. Meno yake sijui kama niliyaona mara mbili katika kazi yote. Tulidhani atawaita walinzi. Alishuka, akasimama katikati yao, akainamisha kichwa, na wakampaka pemba uso mzima kama desturi inavyotaka. Alirudi juu akakaa kwenye kiti chake akasaini karatasi mpaka saa ya kutoka, uso mweupe, na hakuna mtu aliyethubutu kumtazama. Akaniambia tu, "Rudisha mistari ya Mukendi." Hakuuliza nani aliifuta. Alikuwa ameona.

Aliona wapi? Hapo kuna jambo moja la kazi yetu ambalo hamjui, na mngelijua msingeuliza mlichouliza. Katika lugha tuliyotumia, kila mstari ulikuwa na nafasi themanini za herufi. Mashini ilisoma mpaka ya sabini na mbili. Nane za mwisho haikuzisoma kabisa, ungeandika hata tusi. Papa Mukendi alituwekea sheria: anayegusa mstari aache alama yake huko pembeni, herufi tatu za jina na tarehe. Alisema, "Pale mashini haisome. Pale banasoma paka bantu." Yaani wanasoma watu tu. Alama yake ilikuwa MUK. Yangu FEL. Chef Mwansa naye aliandika programu ujanani kabla ya kuwa mkubwa, na kwenye mistari ya zamani kabisa mtaona MWA. Siku zangu alikuwa ameshaacha. Sisi tulimwona kama mtu wa kusaini tu.

Vijana, mkinunuliwa siku moja na kampuni kubwa huko mbali, popote mtakapokwenda, tafuteni pembeni kwanza. Mashini inawaambia programu inafanya nini. Pembeni ndipo mtakapojua nani aliogopa nini.

Halafu ikaja miaka ile. Ninyi mmeisikia vipandevipande, kwa sababu wazazi wenu hawapendi kuisimulia, na mimi pia sipendi. Watu ambao wazee wao walitoka mkoa wa Kasai waliambiwa hapa si kwao tena, waende. Papa Mukendi alizaliwa hapahapa Shituru, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kasai aliijua kwa barua. Lakini jina lake lilikuwa jina lake, na asubuhi moja kiti chake kikawa kitupu.

Nilimkuta kituoni. Watu walikuwa wengi wakingoja treni, majuma na majuma, wamelala chini ya vitambaa na mifuko. Nilikwenda saa sita mchana, wakati wa mapumziko, na bukari, ugali wetu, na samaki kwenye beseni, nimelifunika na kitambaa. Nilipita kati ya watu nikiangalia nyuso, na nilimtambua kwa mluzi. Wimbo uleule, umekosewa palepale. Alikaa juu ya sanduku la karatasi za mashini, mke wake na watoto wanne kando yake.

Nilitaka kusema kitu kikubwa. Yeye akaniuliza, "Liste ya jana ilitoka?"

"Ilitoka, papa."

"Karatasi ya kwanza?"

"Mashini ilikula."

Akacheka. Akatoa kwenye koti rula yake ya mbao, ile ya kupimia orodha, yenye pengo alilolichonga kwa kisu pale kwenye nafasi ya sabini na mbili. Akaniwekea mkononi. "Minye naenda, mwana wanyi. Lakini nitarudia. Unichungie place yangu."

Nikamwambia, "Nitakuchungia, papa." Nilisema hivyo kama mtu anavyoahidi kumwagilia mtu maua. Siku ya treni yake sikuwepo, nilikuwa kazini.

Sasa mnaanza kuelewa. Rejista ya wafanyakazi ilikuwa na programu ya kusafisha. Kila mwisho wa mwezi, programu moja ilipanga majina ya watu ambao hawajaonekana kazini miezi mitatu, na ya pili, iliyofuata, iliwafuta. Aliyefutwa namba yake ilipewa mgeni. Akirudi, mashini haimjui, na kiti chake kina mtu. Namba ya papa Mukendi, matricule yake, ilikuwa 714.

Miezi mitatu ilipofika, chef Mwansa aliniita. Mlango ulikuwa wazi, na watu wawili nisiowajua walikaa kwenye benchi la korido wakingoja. Alinipa orodha ndefu ya watu walioondoka, ili programu ziwafute. Hakuniangalia. "Toa bote," akasema. "Usibakishe hata moja."

"Chef, hata papa Mukendi?"

"Nilisema bote, Félicité."

Mukendi alikuwa amefanya naye kazi miaka ishirini. Walikuwa wakila pamoja saa sita, sahani moja. Nilitoka pale nikiwa nimemchukia, na kwangu chuki ni kama ule mstari wa karatasi tupu, ikishaingia haitoki. Nilirudi kwenye meza yangu nikafanya nilichoambiwa, isipokuwa kimoja. Kwenye programu ya kufuta niliandika: kama namba ni 714, pita. Pembeni nikaweka FEL na tarehe. Wakati ule, mtu akigundua unamfichia nafasi mtu wa aina ile, hukupoteza kazi tu. Nyumba ya mtu iliweza kuungua.

Mwisho wa mwezi orodha ya wafanyakazi ikatoka. Nilipitisha rula juu yake mpaka 714. Jina lake lilikuwepo.

Liliendelea kuwepo. Miezi, miaka. Kila orodha niliweka rula pale, nikaona MUKENDI, nikashusha pumzi. Barua moja ilifika kutoka Kasai, akisema watoto wako salama na mvua ni nyingi. Niliijibu. Nyingine haikuja. Mashini kubwa ikaondoka, zikaja kompyuta za mezani, mimi mwenyewe niliihamisha programu yote na ule mstari nikauhamisha kwa mkono wangu, pembeni na kila kitu. Hakurudi. Niseme ukweli, hata sasa mtu mwembamba mwenye miwani akishuka kwenye taxi-bus pale sokoni, miguu yangu inasimama yenyewe. Nina hamu ya kumwona yule mzee. Natamani hata wimbo wake uliokosewa. Nimejaribu kuupiga mwenyewe, na nakosea mahali pengine.

Na chef Mwansa? Miaka yote iliyobaki nilimpa bonjour, chef, asubuhi, na au revoir, chef, jioni, na kati ya hizo mbili hakupata neno la ziada kutoka kwangu. Sherehe ya kustaafu kwake sikugusa chakula. Tukikutana njiani hapa Shituru, yeye na fimbo yake, nilivuka upande wa pili. Alipokufa mwaka juzi, wanawake wa kanisa walinipitia twende kwenye kilio. Nikasema mguu unaniuma.

Hayo nilikuwa nimeshayaandika alhamisi, na nilitaka kumalizia kwa kuwaambia: watoto, mkiufuta mstari wangu mnamfuta mtu. Barua ingekuwa imeishia hapo. Lakini ijumaa mchana ikaingia sauti ya Grâce.

"Mama mukubwa, tuliona ingine! 714 tena, lakini mu programu ya kupanga, ile yenye kutangulia. Inamutoa mu liste mbele, hafike hata kwako. Ni kusema ile condition yako haijafanyaka kazi hata siku moja, tangu mwanzo! Uliandika mara mbili, mama? Ulisahau?" Na nyuma yake Trésor anacheka.

Sikusahau kitu. Programu ya kupanga sikuigusa maishani mwangu, isipokuwa kuihamisha ilivyo pamoja na nyingine, mistari elfu kadhaa, bila kuisoma. Nikamwandikia Grâce: nitumie picha ya mstari wote, mpaka mwisho kabisa, mpaka pembeni.

Picha ikaja. Nilitafuta miwani, halafu nikaona ninayo usoni. Kama namba ni 714, usimweke kwenye orodha ya wasioonekana. Na pembeni, pale mashini haisomi: MWA. Tarehe ilikuwa juma moja kabla ya yangu. Juma moja kabla ya ile siku ya mlango wazi na watu wawili kwenye benchi na "Nilisema bote, Félicité."

Niliweka simu chini, nikalia hadharani, uani, na matembele mengine mbele yangu. Miaka yote ile niliposhusha pumzi mbele ya orodha, nilikuwa najisifu bure. Mstari wangu haukuwahi kumwona Mukendi. Chef alikuwa ameshamchukua mapema, akamficha kabla hajanifikia, kisha akanipa orodha na sauti ya ukali ili wale wa korido wasikie. Mimi nikavuka barabara kumkwepa.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana nilichukua unga kilo tano nikaenda kwa mjane wake, upande wa pili wa reli. Nilitembea polepole, nikitafuta maneno. Alikuwa anaanika mihogo. Aliponiona akanyooka, akaniangalia kwanza.

"Mama Félicité. Mguu ulipona?"

"Haukuumaka, mama. Nilidanganya. Nilikuja kuomba pardon." Nikamweleza yote, nimesimama, unga bado kichwani. Nikamwonyesha picha kwenye simu, ingawa hakujua kusoma vitu vile. Nilimwonyesha tu MWA, herufi za mume wake.

Alinishusha unga, akanipa kiti. Akatikisa kichwa.

"Hii mambo hakuniambiaka," akasema. "Hata siku moja. Lakini kuko kintu alikuwaka anasema, na minye sikuelewe. Nilikuwa namuuliza, papa, juu ya nini ule mama Félicité hakusalimiake? Ulimufanya nini? Wende kwake musikilizane. Na yeye ananijibu: 'Umuache. Kama iko bado ananikasirikia, iko muzuri. Ni kusema hakuna mwenye anajua.'"

Tulianika mihogo pamoja mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Aliponisindikiza mpaka kwenye reli alinishika mkono, nami nikalitaja jina la chef kwa sauti, Mwansa tu, bila bonjour na bila au revoir.

Haya, watoto, kesho ni lundi na Trésor ana haraka. Mliniuliza swali nami ninawajibu kama mtu wa kazi. Najua mistari miwili yenye kufanya jambo moja ni makosa. Mimi mwenyewe niliwafundisha wengine hivyo, nikawagombeza, nikawachapa na rula ya Mukendi kwenye vidole. Na najua kwamba kama yuko hai, yule mzee ana zaidi ya miaka tisini, na hatashuka kwenye treni yoyote kuja kudai kiti kwenye biro ambayo haipo tena.

Futeni sifuri. Futeni karatasi tupu, ile mashini imeshashiba. Lakini katika hiyo programu yenu mpya, namba 714 asipewe mtu. Wekeni sharti lake kwenye kupanga, na pembeni muandike MWA. Halafu muliweke tena kwenye kufuta, hata kama halitafanya kazi hata siku moja, na pembeni muandike FEL.

Muliandike mara mbili.